Dagaa wangapi?

Jirani yangu alichovya tonge kwenye mchuzi wangu, akafumba macho, akasema, "Shoga, leo mmekula changu?"

Hatukula changu. Wala kibua, wala samaki wa aina yoyote zaidi ya dagaa wachache. Sufuriani mlikuwa na maji yaliyochemshiwa vichwa vya dagaa. Nilivikaanga vikavu hadi vikabadilika rangi, nikavitwanga, nikavichemsha, nikavichuja. Mlikuwa na kitunguu kimoja nilichokipika taratibu kwa kijiko kimoja cha mafuta, nikikinyunyizia maji kila kilipotaka kushika chini, mpaka kikawa cha kahawia na utamu wake ukatoka. Ukwaju ulikaa mahali pa nyanya. Na tui lilikuwa la kizio kimoja tu cha nazi, nilichokikamua mara tatu hadi machicha yakabaki makavu kama vumbi la mbao.

Nilimwelekeza yote hayo nikiwa nimesimama mlangoni na upawa mkononi. Tarehe ilikuwa 26. Baba watoto ni fundi seremala, na ile ilikuwa wiki ya tatu hajapata kazi ya maana. Na bado mchuzi wangu ulimfumbisha mtu macho! Nakumbuka jinsi kifua kilivyonijaa.

Kesho yake asubuhi nikampeleka kitindamimba wangu kliniki.

## Mstari uliolala

Akina mama mnaijua ile mizani ya kuning'inia, na ile kaptula mtoto anayovalishwa huku akilia kana kwamba anapelekwa kuchinjwa. Wangu alilia, akapimwa, akavuliwa. Nesi akaweka nukta kwenye kadi, akaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Halafu akanyamaza, akaigeuza kadi iniangalie.

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi miwili. Mpaka alipotimiza miezi 10 mstari wake ulikuwa ukipanda vizuri. Kuanzia hapo nukta zilikuwa zimepangana ubavu kwa ubavu, kama watu waliolala mkeka mmoja.

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana, sista."

"Ananyonya?"

"Ananyonya."

"Na anakula nini?"

Nilijibu haraka, kama mwanafunzi aliyesoma. Jana kala wali kwa mchuzi wa dagaa, wa nazi. Juzi ugali laini kwa mchuzi wa dagaa. Asubuhi uji. Sikuwa nadanganya hata neno moja.

Nesi hakuwa mkali. Aliuliza kwa sauti ileile ya kuulizia tarehe ya kuzaliwa.

"Dagaa wangapi?"

Sikumwelewa. Akarudia: "Kwenye bakuli lake, mama. Dagaa wangapi?"

Nyuma yangu palikuwa na foleni ya wanawake kama ishirini. Nilifungua mdomo nikaufunga.

Jibu nilikuwa nalo. Hakuna. Nilikuwa nikimwogopea miiba, hivyo nilimchotea mchuzi nikauchanganya na wali, na wale dagaa wachache nikawagawia wakubwa.

## Siku tatu za hasira

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilimkasirikia yule dada kwa siku tatu nzima. Moyoni nilimjibu majibu mengi mazuri ambayo mbele yake hayakunijia. Nilimwambia: njoo Mbagala tarehe 26 uone nilichonacho kabatini. Nilimwambia: wewe unapokea mshahara, mimi nahesabu sarafu. Nilimwambia: watoto wangu hawajawahi kulala njaa hata siku moja.

Hilo la mwisho ndilo lililonikaa. Ni kweli hawajawahi kulala njaa. Ndilo jambo ninalojivunia kuliko yote tangu niolewe. Mwaka 2022, mafuta ya kula yalipopanda bei mpaka watu wakawa wananunua ya kupima kwa vijiko, mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu uani namna ya kukaanga kitunguu kwa maji. Nyanya zikiadimika wakati wa masika, naweka ukwaju au embe bichi. Nazi ikikosekana, karanga. Karanga zikikosekana, bamia chache zinaufanya mchuzi uwe mzito, na mlaji haulizi. Nimezoea kukitazama kiungo na kujiuliza kazi yake ni ipi, na nani mwingine anaweza kuifanya. Uchachu unatoka wapi, uzito unatoka wapi, harufu inatoka wapi.

Siku ya tatu usiku, nikiosha vyombo, nilijikuta najiuliza swali hilohilo kuhusu samaki.

Kazi yake ni ipi?

Nilikuwa nimempatia mbadala wa harufu. Nilikuwa nimempatia mbadala wa ladha. Yeye mwenyewe, nyama yake na mifupa yake, sikuwa nimempatia mbadala wowote. Kwa Kiswahili tuna neno la jambo hilo, tunalitumia kila siku bila kulifikiria: danganya toto. Mchuzi wangu ulikuwa danganya toto, na toto lenyewe ni langu.

Nilikaa chini pale pale kwenye kigoda, mikono ina povu.

## Kalamu na karatasi

Baba watoto ana kalamu bapa ya kupimia mbao. Niliichukua, nikaandika nyuma ya kalenda matumizi ya mboga ya siku ile ya sifa, ile ya jirani. Kizio cha nazi, 700. Kitunguu na kitunguu saumu, 500. Ukwaju, 200. Binzari ya pakiti, 200. Mafuta ya kupima, 500. Pilipili na ndimu, 200. Dagaa, 500, na hao niliwagawa wale siku mbili.

Jumlisheni wenyewe. Shilingi 2,300 zilikwenda kwenye harufu na utamu. Kwenye kile ambacho kingemfanya mtoto anenepe, zilikwenda 250, ukiacha mafuta kidogo ya ile nazi.

Sikuwa na fedha nyingi, hilo ni kweli na naomba lisisahauliwe. Lakini kidogo nilichokuwa nacho nilikuwa nakitumia kwa kuuhadaa ulimi. Na nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Mpishi asiyejua kupika angeona mapema kwamba chakula chake kimepungua, kwa sababu watoto wangekikataa. Wangu walilamba sahani. Walilala wameshiba maji yenye ladha ya samaki, na mimi nililala nimeshiba sifa.

Najua kuna atakayesema najionea vibaya. Mume wangu alisema hivyo. Alisema, "Mama, sasa ungefanyaje?" Alisema kwa upendo, na kwa aibu yake mwenyewe pia, maana yeye ndiye aliyekuwa hana kazi. Hatukulala vizuri usiku ule. Lakini "ungefanyaje" ni swali, na mimi nilitaka kulijibu kama swali, si kama faraja.

## Bibi na unga wa yanga

Ufundi wangu nimeurithi kwa bibi yangu wa Pangani, mama yake mama. Yeye alipika katika miaka ya mwanzo ya 80, baada ya vita vya Kagera, wakati maduka yalikuwa na rafu tupu na watu walipanga foleni ya sukari, sabuni na unga. Ndio wakati wa ule unga wa njano wa msaada ambao watu waliubatiza "yanga" kwa sababu ya jezi za timu ya mpira ya Yanga. Bibi alisimulia jinsi walivyoupika huku wameziba pua, na jinsi alivyounga uji kwa maji ya madafu pale sukari ilipokosekana.

Nimekua nikisikia hadithi hizo kama hadithi za ushujaa, na kila nilipobanwa nilijiambia: mimi ni mjukuu wa mwanamke yule, nitapita.

Ila wiki hizi nimeanza kuzisikia upya. Bibi alikosa nini? Sukari. Sabuni. Mafuta ya taa. Unga wa dukani. Alikosa vitu vya duka. Nyuma ya nyumba alikuwa na kunde, na majani ya kunde, na kisamvu, na mpapai, na kuku watatu wanaotaga. Mbele yake palikuwa na bahari, na kaka zake walikuwa wavuvi. Alipoubadilisha mchuzi wake kwa ujanja, ujanja ule ulikuja juu ya chakula kilichokuwepo tayari.

Mimi nanunua hata mchicha. Nanunua maji. Hapa kwetu uani pana ndoo mbili za mchaichai na basi. Nilichukua mikono ya bibi, sikuchukua shamba lake, na kwa miaka yote hiyo sikuiona tofauti.

Sijui kama yeye aliiona. Alipokuja kututembelea mara ya mwisho kabla hajafariki, alikaa jikoni kwangu akanitazama nikipika, akasifu. Halafu akauliza, "Na mboga iko wapi?" Nikamwonyesha sufuria. Akasema "Aa," akanyamaza. Nilidhani macho yake yalikuwa yameshachoka.

## Si kwangu tu

Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Miaka michache nyuma, katika ule wa 2015-16, ilikuwa 34, kwa hiyo tunashuka, ila taratibu. Kilichonishika si hesabu ya nchi nzima. Ni Iringa. Iringa inavuna mahindi, viazi, maharage, inalisha watu wa Dar es Salaam, na bado zaidi ya nusu ya watoto wake wamedumaa. Njombe na Rukwa, wakulima wakubwa, ni takriban nusu.

Kuna sababu nyingi, na mimi si mtaalamu. Kazi za shamba zinazomtoa mama nyumbani kutwa, magonjwa, maji, mimba za mapema. Lakini mojawapo naijua kwa mkono wangu. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Ukilijaza uji mwepesi limejaa, na mtoto ameacha kulia, na wewe umeshinda siku. Shibe ndiyo inayotudanganya. Mtoto mwenye njaa anakwambia. Mtoto aliyeshiba kitu chepesi hana la kukwambia, mpaka nesi aweke nukta.

## Kuwasaga

Nilirudi kwa dagaa. Nilijiuliza: ikiwa ninaogopa miiba, kwa nini nisiiondoe kwa kuisaga?

Mara ya kwanza niliharibu. Nilisaga bila kuosha vizuri, na dagaa wa Mwanza wengi huanikwa mchangani, mnajua. Mwanangu alitafuna kijiko kimoja, nikasikia meno yake manane yakikwaruza mchanga, akatema. Mara ya pili niliwaosha kwa maji ya moto mara tatu, nikawatoa vichwa, nikawaanika tena, nikawakaanga vikavu mpaka wakawa wanavunjika kwa vidole, nikawatwanga, nikawachekecha. Ukatoka unga laini, wa kijivu, wenye harufu iliyoijaza nyumba. Nikauweka kwenye uji wenye sukari. Hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe. Mtoto alinitazama kama amesalitiwa.

Ndipo mikono ya bibi ikaanza kufanya kazi upya, safari hii upande wa pili. Kijiko kimoja cha unga wa dagaa ndani ya ndizi za kupika zilizopondwa, tone la ndimu kuua shombo, kitunguu changu kile cha kahawia kidogo tu. Akala. Siku ya pili akala, akapiga bakuli kwa kijiko akitaka tena.

Nilicheka peke yangu jikoni. Ujanja uleule, ukwaju uleule, ndimu ileile. Zamani niliutumia kuficha kwamba kitu hakimo. Sasa nautumia kuficha kwamba kimo.

Makande nayo yamerudi nyumbani. Nilikuwa nayadharau, nikiyaona chakula cha shule ya bweni, kumbe mahindi na maharage vinasaidiana mwilini, kimoja kinajaza kile ambacho kingine kimepungukiwa. Naloweka usiku kucha ili mkaa usiishe. Magadi nimeacha. Yanalainisha haraka, kweli, lakini yanaua baadhi ya vitamini, na sasa nimekuwa mchoyo wa kila kinachoingia sufuriani. Ya mtoto nayaponda. Chai nayo nimeisogeza mbali na chakula, kwa sababu inazuia madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage yasifyonzwe vizuri, ilhali ndimu inasaidia. Vitu vidogo. Havigharimu kitu.

## Karanga za bei nafuu

Hapa nina wasiwasi ambao haujaisha, na sitaki kuuruka.

Karanga kwenye uji ni jambo jema, zina mafuta, zina nguvu. Kwa hiyo nilikwenda sokoni kutafuta karanga. Palikuwa na mafungu mawili. Moja la karanga nzima, nyekundu, zimejaa. Jingine la chenga, nyingine zimesinyaa, nyingine zina madoa, bei nusu. Muuzaji akaniambia, "Dada, chukua hizi, za kutwanga hazihitaji uzuri." Mkono wangu ulikuwa umeshaingia pochini.

Mimi wa zamani ningezinunua, ningezikaanga hadi harufu ya ukungu ikapotea, na mngelamba vidole.

Ukungu ule ndio wenye sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Moto wa jikoni hauimalizi, na ladha haikuonyi. Nikasimama pale katikati ya soko nikiona jinsi njia ya maskini inavyobana: chakula chenye kumjenga mtoto kipo, na kile ambacho mfuko wangu unakiweza ndicho chenye mashaka. Nilinunua robo ya zile nzuri. Nyumbani nilizimwaga kwenye ungo nikazichambua moja moja, nikatupa kila iliyosinyaa, na kila niliyoitupa ilikuwa fedha.

Sina ufumbuzi wa hilo. Wapo watu wanaouza unga wa lishe uliochanganywa kila kitu, mahindi, karanga, soya, ulezi, umefungwa vizuri na una picha ya mtoto mnene. Siununui, kwa sababu siwezi kuziona karanga zilizoingia humo. Pengine ninakosea. Wenye ujuzi zaidi yangu wanirekebishe.

## Jioni ya juzi

Kazi ya baba watoto imerudi, vitanda viwili na kabati moja, si haba. Jirani alipita tena jioni, akaonja, akasema mchuzi wa siku zile ulikuwa mtamu zaidi. Nikamwambia ni kweli. Ulikuwa mtamu zaidi.

Kliniki ni Jumanne ijayo. Naiogopa nukta ile kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Nilipakua. Nimekuwa na mazoea ya kuhesabu kimoyomoyo, na bila kujijua siku hizi midomo inacheza. Binti yangu mkubwa, wa darasa la nne, alikuwa ameshika taa ya simu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika.

"Mama, unahesabu nini?"

"Dagaa."

Akainama, akahesabu pamoja nami kwa kidole. Wake, 15. Wa kaka yake, 15. Wa baba, 20. Wa mdogo wake tulipima kwa kijiko cha unga, vijiko viwili, akavihesabu navyo. Kisha akaimulika sahani yangu, ile niliyoiweka pembeni karibu na jiko, mimi ambaye bado nanyonyesha.

"Na wako wangapi?"

Taa ilikuwa juu ya wali. Tulihesabu wote wawili.

Wanne.